Jembe la kusukuma la fundi wa Ngamiani, Tanga, kwa sie tunaopalilia na gongo la kwapani

Nianze na bei, maana ndiyo mnayouliza kwanza. Chuma chake, yaani bapa na shingo, shilingi 14,000. Mpini nimeununua peke yake kwa seremala, 4,000. Fundi alianzia 25,000, nikakaa kwenye benchi lake mpaka tukaelewana, kwa hiyo ukitajiwa bei ya juu usishtuke wala usinune. Kaa.

Sasa mjue anayesema ni nani, kwa sababu jembe linalonifaa mie huenda lisikufae wewe. Nina miaka hamsini na kitu, naishi Mikanjuni, mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio utotoni. Natembelea gongo moja la kwapani. Nikisimama, mkono wa kushoto tayari una kazi yake. Wa kulimia umebaki mmoja. Nyuma ya nyumba nina matuta ya mchicha, bamia, ngogwe, pilipili na mnavu. Kinachozidi mboga ya nyumbani nampa jirani aniuzie soko la Mgandini. Ardhi ni ya kichanga, maji ni ya bomba, na magugu hayana habari na mguu wangu.

Jembe la dukani halikutengenezwa kwa mtu kama mie. Mpini wake ukiusimamisha unaishia kiunoni, bapa limekunjwa kumwelekea mkulima, na kazi yake ni kuinua na kupiga. Linataka mikono miwili, mgongo wa kuinama na miguu ya kujikita. Miaka yote nilikuwa napalilia nimekaa chini, najiburuza toka tuta hadi tuta, kanga zangu zote zinaisha upande mmoja. Watoto walipokuwepo walinisaidia. Sasa wako Dar es Salaam, na kibarua wa siku anataka hela ambayo mchicha haurudishi, halafu akimaliza kupalilia unakuta miche yako nayo imekwenda na magugu.

Fundi huyu ni kijana. Kibanda chake kimebanana na mafundi baiskeli, fuawe yake ni kipande cha reli, pembeni ana mashine ya kuchomelea. Tanga hii baiskeli haziishi, kwa hiyo chuma chakavu nacho hakiishi.

"Shikamoo bi mkubwa. Umeleta nini tutengeneze?"

"Marahaba mwanangu. Sijaleta kitu. Nataka jembe la kupalilia nimesimama, na la mkono mmoja."

Akanitazama, akalitazama gongo. Hakuniuliza ugonjwa wala hakunipa pole, na hapo ndipo nilipompendea. "Hebu simama kama unavyosimama shambani," akasema. Akachukua ufito, akaniambia niushike pale mkono unapotulia wenyewe bila kuunyanyua. Akapiga alama ya chaki. Kisha akaniambia niupeleke ufito mbele mpaka mwisho wa mkono wangu, bila kusogeza gongo, halafu akachuchumaa na kipande cha boksi akakikunja kufuata pembe kati ya ufito na ardhi. Kile kipande cha boksi akakiweka mfukoni.

Hiyo pembe ndiyo jembe lenyewe. Ukisimama wima na mpini umelala kuelekea mkononi mwako, bapa linatakiwa lilale chini bapa kabisa, liteleze chini ya ngozi ya udongo. Likiinuka mbele kidogo, linapita juu ya majani na kuyakuna tu. Likiinamia chini, linachimba, na kuchimba kunataka nguvu ambazo sina. Mtu mfupi na mtu mrefu hawawezi kushea jembe la namna hii, na ndiyo maana la kununua likiwa tayari limefungwa na mpini mara nyingi halikai sawa. Wangu mpini ukiusimamisha unanifika sikioni.

Umbo lake ni hivi: bapa ni kipande cha msumeno wa zamani wa kupasulia mbao, upana wa sentimita 15, limenolewa pande zote mbili, mbele na nyuma. Mikono miwili ya nondo nyembamba inalishika huku na huku na kukutana juu kwenye shingo. Katikati pako wazi, kwa hiyo udongo unapita, haujai. Unasukuma, linakata; unavuta, linakata tena. Huliinui hata mara moja, na ndiyo maana mkono mmoja unatosha. Linashikwa gumba likiwa juu, kama ufagio wa mpini mrefu. Ukilishika gumba likitazama chini utaanza kuinama bila kujijua, na jioni kiuno kitakueleza.

Linaingia sentimita moja au mbili tu. Jirani yangu alikuja kuona akacheka, akasema hapo hujalima, umeparuza. Ni kweli nimeparuza, na ndicho ninachokitaka. Mbegu za magugu ziko nyingi ardhini zimelala, na nyingi zinangoja mwanga ndio ziote. Kila unapopindua udongo kwa jembe kubwa unazipandisha juu kwenye jua. Ukikata shingo za yale yaliyokwisha ota na kuuacha udongo wa chini ulale, safari inayofuata unakuta machache. Mimi nimeliona hili kwenye tuta la bamia: upande ninaoparuza sasa naumaliza kabla chai haijachemka, na upande alioulima kibarua kwa jembe la kawaida ulirudi kijani mvua ya kwanza tu.

Lakini lina masharti. Magugu yawe madogo, yasipite urefu wa kidole. Gugu likishakuwa na shina, bapa linaliinamisha tu, halafu gugu linasimama tena nyuma yako. Udongo uwe umekauka juu na jua liwepo. Paliza asubuhi, adhuhuri yamenyauka. Ukipaliza jioni au mawingu yakiwa yametanda, mengine yanaamka. Kuna lile linalotambaa lenye maua ya buluu, ambalo kila pingili ikigusa ardhi inashika mizizi: hilo kipindi cha masika ukilikata na kuliacha pale pale umelizidisha. Likusanye kwa reki ukampe mbuzi wa mtu.

Sasa kasoro. Shingo ilipasuka pale palipochomelewa, nikiwa katikati ya tuta. Fundi aliichomelea upya bure na akaongeza kipande cha nondo cha kuikaza, hilo nampa haki yake, lakini "njoo kesho" yake ilikuwa na wajukuu. Ukienda, mwambie aweke hicho kipande tangu mwanzo. Pili, rangi aliyoipaka ilikuwa mbichi, ikabaki kwenye kanga yangu mpaka leo. Tatu, chuma cha msumeno ni kizuri kwa makali lakini kikikutana na jiwe kinamegeka, na huku kwetu jiwe la matumbawe huwezi kulikosa. Nunua tupa ndogo ukae nayo. Nanoa nikiwa nimekaa kibarazani, jembe limelala mapajani. Nne, sentimita 15 ni pana mno kati ya miche ya pilipili iliyosongamana. Nimerudi akanitengenezea jingine la sentimita 8 kwa 10,000, linatumia mpini ule ule. Kama ningeambiwa nichague moja, ningechukua jembamba.

Kuhusu mpini: kataa bomba la chuma. Ni zito na saa tano za asubuhi haligusiki kwa joto. Mwanzi ni mwepesi lakini unapasuka kwenye shimo la msumari. Mie nilichukua masalio ya mtiki, ule wa msitu wa Longuza kule Muheza, ambao maseremala wengi hapa mjini wanao. Mwambie akupigie msasa vizuri, uwe mviringo na mnene kiasi cha kujaa kiganja. Mpini mwembamba unakulazimisha kukaza vidole, na kama una baridi yabisi ya mikono hapo umekwisha.

Kabla ya hili nilikuwa nimeletewa kifaa kingine, na wengi wenu mnakiona kwenye simu mnakitamani. Shemeji yangu alikuja nacho kutoka Muscat: fimbo ndefu ya aluminiamu, chini ina kucha nne za chuma, ina kikanyagio pembeni. Unaziweka kucha juu ya gugu, unakanyaga zinazama, unailaza fimbo, gugu linang'oka na mzizi wake, unabonyeza juu linaanguka kwenye ndoo. Kizuri, sikatai. Kwa gugu lenye mzizi mmoja ulionyooka kwenda chini, udongo ukiwa umelowa, hakuna kinachokishinda, na hutaliona tena. Tatizo ni kukanyaga. Ili nikanyage kwa mguu wa kulia, lazima nisimame kwa mguu wa kushoto, ambao hausimami. Nikijaribu kusukuma kwa uzito wa mwili nikiwa nimeegemea gongo, mchanga unameza gongo. Pia kinatoa gugu moja moja. Shamba la mchicha lenye magugu elfu utakesha. Nimempa dada yangu wa Chumbageni mwenye maumivu ya mgongo na miguu mizima, anang'oa magugu ya kwenye maua yake na amefurahi sana.

Fundi huyo huyo anatengeneza jembe la gurudumu: rimu ya mbele ya baiskeli, usukani wake, na nyuma ya gurudumu bapa kama langu. 45,000. Nimelishika pale kibandani, nikamwona mzee mmoja akilisukuma. Kwa mtu asiyeweza kuinama lakini anatembea vizuri, na ana mistari mirefu iliyonyooka, lipate hata kwa kukopa. Mie linanidai mikono miwili, basi.

Nije kwenye ndago, maana hapa majembe yote yananyamaza. Mnazijua: ukilizungusha shina lake vidoleni unasikia pembe tatu. Wataalamu wa magugu wameliita gugu baya kuliko yote duniani, na aliyewahi kulima mchicha pwani hatabisha. Chini ana vinundu vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi, kimoja hadi kingine hadi kingine. Ukikata juu, kinundu kinatoa jani jipya. Ukivuta kwa mkono, uzi unakatika na vinundu vilivyokuwa vimelala vinaamka. Karatasi ya nailoni anaitoboa. Maboksi anayatoboa. Jembe langu la kusukuma linamkata vizuri sana, na baada ya siku chache amesimama tena ananitazama.

Hata hivyo kuna mawili yaliyonisaidia, na hakuna hata moja lililonitaka niiname. La kwanza ni kivuli. Ndago anapenda jua kali. Akikosa mwanga anakonda, vinundu havizaani kwa kasi ile. Tuta lililokuwa limeoza kwa ndago nikalikata kwa jembe la kusukuma asubuhi moja, siku hiyo hiyo tukachomeka matembele karibu karibu. Yalipofunga ardhi, ndago waliochungulia walikuwa wa njano na wembamba, nikawakata kwa kupitisha jembe pembeni. Sikusema wameisha. Wamepungua mpaka naweza kuishi nao, na matembele nimekula na kuuza. Kunde nazo zinafanya kazi hiyo, ila zinachelewa kufunga.

La pili ni jua la kaskazi. Vinundu vikiletwa juu vikakaa kwenye jua kali na udongo mkavu vinakufa kwa kukauka. Hapa ndipo ninapolipa kibarua kwa moyo mweupe: kipindi hicho kikavu, kabla ya masika, anachimbua tuta moja nililolichagua, kina cha kama sentimita 15 ambako wengi wao ndiko wanakokaa, anaacha mabonge yamegeuka juu na simwagilii kabisa mpaka mvua. Tuta moja kwa mwaka, siyo bustani nzima. Bustani nzima ni kutupa hela.

Matandazo nayapenda kuliko chombo chochote kwa sababu yanapalilia mimi nikiwa nimelala. Huku kwetu makumbi ya nazi yanatupwa. Mwuza nazi yeyote atakushukuru ukimwondolea. Kijana wa mkokoteni ananiletea, nayapanga upande wa ndani chini, yakisongamana kati ya mistari ya bamia na ngogwe. Magugu madogo hayapiti, unyevu unakaa, na kumwagilia kumepungua. Tahadhari yake ni tandu na nge, ambao wanayapenda pia. Usiyainue kwa mkono. Mie nina ndoano ya nondo, ya yule yule fundi, 3,000, nayageuza nayo nikiwa nimesimama. Maranda ya mbao nimeyaacha kwenye njia tu. Yakichanganyika na udongo wa mboga majani yanageuka njano, kwa kuwa yakioza yanakula naitrojeni ambayo mboga ilikuwa inaihitaji.

Na maji: acheni kumwagilia kwa mpira kila mahali. Unapolowesha katikati ya mistari unayanywesha magugu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, itoboe kifuniko kwa sindano ya moto, ichomeke mdomo chini karibu na shina la ngogwe. Kati ya chupa na chupa panabaki vumbi, na kwenye vumbi haioti kitu.

Kwa kupalilia karibu na shina, ambako jembe lolote ni hatari, bado nakaa. Kigoda nimekiacha, na ile mbuzi ya kukunia nazi niliyoing'oa meno nayo nimeiacha, kwa sababu kukaa kwake ni rahisi na kuinuka kwake ni vita. Ndoo ya rangi ya lita 20, ukiipindua na kuweka mto juu, inakuja karibu na usawa wa goti, na kutoka hapo gongo moja linatosha kuniinua. Ndani yake nabeba kisu cha zamani na mfuko wa kutilia magugu. Upana wa tuta nimeupunguza uwe sentimita 60, maana ndipo mkono wangu unapofika nikiwa upande mmoja. Mlioko kwenye kiti cha magurudumu mtahitaji njia ya sentimita 90 na iwe ngumu, kifusi kilichoshindiliwa, siyo mchanga. Na kama una uwezo wa kujengea tofali tuta lenye kimo cha meza, jenga, hata moja tu la mboga za kila siku. Palizi yake unafanya huku unaongea na simu.

Kuzama kwa gongo mchangani nimekutafutia dawa kwa fundi wa katambuga. Alikata duara la tairi, kubwa kama kiganja kilichofunguka, akalitoboa katikati na kulibana kwenye ncha ya gongo, juu ya ile raba yake. Nalivaa nikienda bustanini, nalivua nikirudi. 2,000. Nashangaa sikuwahi kuona mtu analiuza.

Dawa ya magugu sitaieleza sana. Pampu ya mgongoni ya kawaida inachukua lita 16, maana yake kilo 16 za maji juu ya mwili unaosimama kwa gongo. Halafu zile zinazoua kila jani hazichagui, na mchicha wangu uko hatua mbili kutoka kwa ndago. Mwenye ekari aamue mwenyewe.

Ukienda kwa fundi, vaa viatu unavyolimia, maana kisigino kinabadilisha pembe, na nenda na gongo lako au fimbo yako, usijikaze kusimama bila hiyo ili uonekane mzima. Mwambie unataka shingo yenye nondo ya kukaza, bapa la msumeno siyo la springi ya gari, na tundu la msumari kwenye soketi, pale mpini unapoingia, ili uweze kubadilisha kichwa. Lipa nusu. Nusu nyingine mpe baada ya kulisukuma pale pale kwenye mchanga wa mbele ya kibanda, na usione haya kumrudisha kwenye moto kama linainuka mbele. Nenda Jumatatu au Jumanne. Ijumaa anafunga saa tano na nusu, na akishafunga humwoni tena mpaka Jumamosi.